Somo yangu na hesabu ya upande mmoja

Neno 'somo' si geni kwa msomaji yeyote wa Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya msingi akilisikia hufikiria daftari, chaki na kengele ya kubadilisha vipindi. Lakini hebu nenda pwani umsikie mwanamke akimwita mwenziwe somo. Huyo hana habari na daftari wala chaki. Pengine anamkusudia mtu aliye wa jina moja naye. Pengine anamkusudia msiri wake, rafiki wa kufa na kupona. Au pengine anamzungumzia mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kazi ya kumfunda mwari mambo ya unyumba. Watunga kamusi huziorodhesha maana hizi moja baada ya nyingine, kana kwamba ni majirani wasioamkiana. Mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kuyapekua maneno, niliwafundisha wanafunzi wangu kwa miaka kadhaa kwamba kukutana kwa maana hizo katika umbo moja ni jambo la kusajiliwa tu, halina kina. Leo nakiri kwamba nilikosea. Na nakiri hadharani kwa sababu hasara ya kosa hilo haikuwa yangu peke yangu.

Walionizindua si wanaisimu wenzangu. Ni wanawake wawili ambao sikupata kuonana nao, mmoja Mmarekani na mwingine Msani wa jangwa la Kalahari.

Marjorie Shostak alizaliwa mwaka 1945 huko Brooklyn, katika jiji la New York. Alikuwa amesomea fasihi, wala hakuwa na shahada yoyote ya anthropolojia, alipofunga safari mwaka 1969 kumfuata mumewe mtafiti, Melvin Konner, hadi eneo la Dobe lililoko kaskazini-magharibi mwa Botswana, karibu na mpaka wa Namibia. Alikuwa na umri wa miaka 24 na ndoa yake ilikuwa bado changa. Wakati huo katika nchi yake wanawake walikuwa wameanza kuhoji kwa sauti kuu maana ya kuwa mke, kuwa mama na kuwa mtu kamili. Maswali hayo alisafiri nayo mpaka jangwani.

Watu aliowakuta huko wamezoeleka vitabuni kwa jina la !Kung, ingawa wenyewe hujiita Ju/'hoansi, yaani watu wa kweli. Msomaji asidhani kwamba alama ya mshangao iliyotangulia jina hilo ni kosa la mpiga chapa. Ni alama ya kidoko, sauti inayotolewa kwa kuubandua ulimi ghafla kutoka kwenye kaakaa, kama tufanyavyo tunapomhimiza punda. Lugha ya watu hao ina vidoko vya aina nne, na kila kimoja kinabeba maana kama vile 'p' na 'b' zinavyobeba maana katika 'pata' na 'bata'. Wala vidoko si mambo ya kusini mwa Afrika peke yake. Wahadza na Wasandawe wa Tanzania wanavyo, na hapa kwetu Kenya wanavyo Wadahalo, jamii ndogo inayoishi karibu na mahali mto Tana unapoingia baharini. Bi Shostak alijifunza lugha hiyo ya vidoko mpaka akaweza kusikiliza masimulizi ya mtu bila mkalimani kukaa kati yao. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu urafiki wowote huanza pale ambapo mtu mmoja amekubali kuuchosha ulimi wake kwa ajili ya mwingine.

Mwanamke wa pili tunamjua kwa jina la Nisa. Si jina lake hasa, bali ni jina la kupanga alilopewa ili siri zake zisimwandame kijijini. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 50. Alilelewa katika maisha ya kuchimba mizizi, kuokota njugu za porini na kugawana nyama ya windo. Aliolewa zaidi ya mara moja, akafiwa na mume angali kijana, akawa na wapenzi wengine. Alizaa watoto wanne, akawazika wote. Huyo ndiye aliyekuja kuwa kiini cha kitabu kilichochapishwa mwaka 1981 kwa jina Nisa, na ambacho kimesomwa na wanafunzi wa vyuo vikuu katika pembe nyingi za dunia.

Hakuna aliyetarajia kwamba hawa wawili wangependana. Mwanzoni Bi Shostak hakupendezwa naye hata kidogo. Nisa alikuwa msemaji sana, na alikuwa na desturi ya kuwasifu watafiti waliotangulia kwa ukarimu wao, sifa ambazo mgeni mpya hakukosa kuzielewa kuwa ni kijembe. Aliomba tumbaku na akaomba vitu vingine. Yule binti wa Brooklyn akachoka, akatafuta namna ya kumkwepa, akawahoji wanawake wengine kwanza. Ilikuwa mwaka 1971, siku za kurudi kwao zilipokuwa zimekaribia, ndipo alipoketi na Nisa akawasha kinasa sauti. Ndipo lile lililokuwa likimkera likageuka kuwa hazina. Mwanamke msemaji ndiye aliyejua kusimulia.

Hapa ndipo niliposhtuka, maana nilianza kuziona zile maana za neno 'somo' zikijipanga mbele yangu moja baada ya nyingine.

Tuanze na jina. Miongoni mwa Ju/'hoansi majina ya watu ni machache, na mtoto hupewa jina la mtu aliyemtangulia, aghalabu babu au bibi. Kwa hiyo watu wengi hushiriki jina moja, na kushiriki jina ni kushiriki undugu. Ukiwa na jina la mama yangu, basi naweza kukuita mama hata kama damu zetu hazikutani popote. Mgeni naye hupewa jina, na papo hapo hupata akina mama, wajomba na wakwe kijiji kizima. Bi Shostak alipewa jina la Hwantla. Hakuwa tena Mzungu mwenye gari na tumbaku. Alikuwa Hwantla, mtu mwenye mahali pake. Nisa akawa anamwita mtoto wa ndugu yake, naye akawa anamwita Nisa shangazi.

Hata neno hilo 'shangazi' nimelichagua baada ya kujiuliza. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja tu kwa dada ya baba na dada ya mama. Kiswahili hakikubali uvivu huo: mmoja ni shangazi, mwingine ni mama mdogo au mama mkubwa. Nimechagua shangazi kwa sababu katika jamii zetu nyingi shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kumweleza msichana yale ambayo mama mzazi huyaonea haya.

Na hayo ndiyo Nisa aliyoyaeleza. Alisimulia jinsi alivyoachishwa ziwa na uchungu ulioambatana nako, jinsi alivyoogopa ndoa ya kwanza, jinsi alivyozaa, jinsi alivyopenda na kuachwa, na jinsi mtu anavyoendelea kupumua baada ya kumzika mwanawe. Katika kipindi cha kwanza waliketi kwa mahojiano 15. Bi Shostak aliporudi mwaka 1975 wakaketi kwa mengine 6. Mwanamke mtu mzima akamweleza mwanamke kijana, ambaye yu mwanzoni mwa ndoa yake, maana ya kuwa mwanamke. Je, sisi humwitaje mtu afanyaye kazi hiyo? Humwita kungwi, na humwita somo. Kwa njia ya jina wakawa ndugu, kwa njia ya mafunzo wakawa mwari na kungwi, na kwa njia ya siri wakawa marafiki. Maana ambazo kamusi inazitenga, Kalahari ilizikutanisha katika kibanda kimoja.

Hata hivyo, nisije nikampaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Urafiki huu haukuwa na mizani sawa. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu. Mmoja alikuwa na tiketi ya ndege ya kurudia kwao, mwingine hakuwa na pa kwenda. Masimulizi yaliyotoka kinywani mwa Nisa yakirukaruka na kurudiwarudiwa, kama yalivyo masimulizi ya mdomo popote duniani, yalifasiriwa kwa lugha ya kigeni, yakapunguzwa, yakapangwa upya kuanzia utoto hadi utu uzima ili msomaji wa mbali apate kufuata. Wataalamu wameuliza kwa miaka mingi: sauti tunayoisikia kitabuni ni ya nani? Swali hilo ni la haki. Kwa upande wake, mwandishi hakulikwepa. Alikuwa amemweleza Nisa nia yake ya kuyatoa maneno hayo kitabuni, akapata ridhaa yake, na baadaye akampelekea sehemu ya mapato, ambayo Nisa aliinunulia ng'ombe. Kwa jamii iliyokuwa ikilazimika kuacha uwindaji na kushika ufugaji, ng'ombe hawakuwa pambo. Walikuwa maziwa, na walikuwa heshima mbele ya majirani wafugaji.

Mwaka 1988 Bi Shostak aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alikuwa mama wa watoto watatu, mdogo wao hajaacha hata kudeka. Mtu mwingine angejifungia nyumbani na madaktari wake. Yeye mwaka 1989 aliiaga familia yake, akavuka bahari, akarudi Dobe kwa muda wa mwezi mmoja kumwona Nisa. Kwa nini? Sidhani kwamba alikwenda kukusanya data. Mtu anayekitazama kifo usoni hurejea kwa yule aliyemfunda maisha.

Nisa alikuwa mganga. Katika ngoma za usiku za watu wake, mganga huingia katika hali ya kupandwa na nguvu, akawawekea wagonjwa mikono akiutoa ugonjwa miilini mwao. Mgonjwa safari hii alikuwa yule binti aliyekuja zamani na kinasa sauti. Nisa, aliyezika watoto wake wote, alimtibu mtoto wa kupewa kwa jina. Lakini hata katika safari hiyo mambo hayakuwa asali tupu. Nisa aliendelea kuomba: hiki leo, kile kesho. Na Bi Shostak, kwa unyofu ambao ni nadra kwa wasomi, aliandika jinsi alivyoumia moyoni akijiuliza: Ananipenda mimi, au anapenda nilichobeba? Alifariki mwezi Oktoba mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu chake cha pili, kinachosimulia marejeo hayo, kilichapishwa mwaka 2000 wakati yeye mwenyewe ameshazikwa. Shangazi alibaki hai baada ya mwana.

Nililisoma swali hilo lake usiku mmoja, nikafunga kitabu. Sikuweza kuendelea, maana niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na jibu nililojipa lilikuwa la aibu.

Mwaka 2007 nilikuwa mtafiti wa shahada ya uzamifu katika kisiwa cha Wasini, kule kusini kabisa mwa pwani yetu, ng'ambo ya Shimoni. Nilikuwa nikikusanya maneno ya ususi katika lahaja ya Kivumba. Siku ya pili nilipelekwa kwa bibi mmoja aliyesifika kwa mikeka yake. Aliniuliza jina langu. Nilipomtajia, akaweka ukili chini, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, mimi mtoto wa bara niliyebatizwa kanisani, akacheka. Jina langu lilikuwa limenifikia kwa njia ya Biblia, na lake limemfikia kwa njia ya Kurani, lakini ni jina moja: la mama yake Nabii Isa. "Kumbe wewe u somo yangu!" akasema. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina jingine.

Alinifundisha mengi. Alinifundisha namna ya kuanika miyaa na kuichana, namna ya kusuka ukili, majina ya michoro, na namna ya kushona mpaka mkeka ukatoka. Kila nilipokwenda aliniagiza kitu. "Somo, ukija kesho usisahau sukari." "Somo, majani ya chai yamekwisha." "Somo, kikohozi hakinipi usingizi." Nililetewa fomu na chuo ambamo nilitakiwa kueleza malipo ya watoa habari, na mimi, kwa bidii ya mwanafunzi mwema, nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari langu nikaanza kuandika: sukari kilo 2, majani ya chai, dawa ya kikohozi, kanga jozi moja. Kila nilipoandika nilihisi kinyongo kidogo. Nilijiambia kwamba huyu bibi hana haja nami. Ana haja na mfuko wangu. Nilijiambia kwamba neno 'somo' kinywani mwake lilikuwa ndoana tu.

Daftari hilo ninalo hadi leo. Nilipolifungua usiku ule baada ya kusoma habari za Nisa, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hesabu yangu ilikuwa na upande mmoja. Hakuna mahali nilipoandika pweza aliyenipikia. Hakuna mahali nilipoandika mkeka alionipa nilalie, wala madafu, wala zile siku tatu nilizopatwa na homa naye akakesha kando yangu akinibadilishia kitambaa kipajini, katika kisiwa ambacho wakati huo maji ya kunywa yalikingwa kutoka kwa mvua na kila kata ilikuwa na thamani yake. Mimi niliyesoma hadi kiwango cha uzamifu sikujua kuandika safu ya pili.

Hao Ju/'hoansi wana desturi waiitayo hxaro, ambayo mtafiti Polly Wiessner aliichunguza kwa kina tangu miaka ya 1970. Mtu humpa mwenziwe zawadi, aghalabu ushanga, wala halipwi papo hapo. Hupita miezi, pengine mwaka, ndipo naye apewe kitu. Deni linaachwa makusudi likae, kwa kuwa deni likilipwa na kwisha, uhusiano nao umekwisha. Mwaka wa ukame ukija, mtu hukimbilia kwa yule mwenye deni naye, akakaribishwa kwenye maji na chakula chake. Kwa hiyo kuomba si utovu wa adabu. Kuomba ni kusema: mimi na wewe bado tungali na jambo baina yetu. Anayeacha kuomba ndiye aliyekwisha kukata tamaa nawe.

Je, haya ni mambo ya jangwani pekee? Wahenga wetu walinena kwamba mkono mtupu haulambwi, nasi huichukulia methali hiyo kuwa ni ya ulafi. Walinena pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba akishapewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hutumwa. Bibi yangu wa Wasini alinituma sukari kama anavyotumwa binti wa mji ule. Asingalimtuma mtalii. Mtalii huuziwa mkeka, akapewa chenji yake, akaenda zake.

Nilimaliza utafiti, nikaondoka nikiahidi kurudi upesi. Shahada niliipata mwaka 2011. Katika tasnifu yangu bibi yule ni "Mtoa habari nambari 7". Nisa angalau alipewa jina la kupanga. Somo yangu mimi nilimpa nambari. Mambo ya ajira, ndoa na watoto yakanizinga. Niliporudi Wasini ilikuwa mwaka 2016, nikakuta amekwisha kuitwa na Mola wake miaka miwili nyuma.

Mjukuu wake, mwanamke wa makamo kidogo kuniliko, alinikaribisha barazani. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Ni kweli kwamba unayo sauti yake?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa katika kanda na visahani nilivyovifungia kwenye kabati ofisini. Nilirudi Nairobi nikaisikiliza yote upya, saa baada ya saa, ili niinakili kwa ajili ya jamaa zake. Katika kanda ya tano nilikuta mahali ambapo, katika maandishi yangu ya zamani, nilikuwa nimeruka na kuandika: "Maneno yasiyohusu utafiti." Nikasikiliza. Bibi alikuwa ameacha kunieleza habari za ukili. Alikuwa akiniuliza: "Somo, mbona kila siku waniuliza mimi? Wewe hukuzaliwa? Hebu nami nieleze, mama yako alikufunda nini?" Kisha kimya. Kisha ikasikika sauti yangu mwenyewe, nyembamba, yenye haraka: "Tuendelee, bibi. Hii hapa inaitwaje?"

Msomaji mpenzi, hilo ndilo deni langu. Si sukari wala kanga. Nilifunguliwa mlango wa urafiki nikaupita nikitafuta nomino.

Siandiki haya ili kujitesa, bali kwa kuwa nchi hii ina watu wengi walio katika hali yangu. Tuna watafiti wanaotumwa vijijini na fomu. Tuna waandishi wa habari wanaomhoji mama wa mtaa wa mabanda leo na kesho hawamjui. Tuna mabibi wa mijini wanaoishi miaka kumi na mwanamke anayewalelea watoto, wasijue hata jina la kijiji alikozaliwa. Katika mahusiano haya yote kuna mwenye nacho na asiye nacho, na mwenye nacho huwa na hofu ya kudumu kwamba anapendewa alicho nacho. Hofu hiyo haina dawa, maana ni kweli kwamba chakula ni chakula na ng'ombe ni ng'ombe. Nisa alimpenda Hwantla na alimtaka ng'ombe vilevile. Kwa nini tunawadai maskini upendo usio na haja, ilhali sisi wenyewe hatujawahi kumpenda mtu tusiyemhitaji kwa lolote?

Haki baina ya wasiolingana haitafutwi kwa kujifanya wanalingana. Huanzia katika kuandika safu ya pili ya hesabu: kile ambacho mwenzako amekupa, na ambacho hukukiona kwa kuwa hakikuwa na bei. Fauka ya hayo, inadai kurudi. Bi Shostak alirudi mara mbili, na mara ya pili alikuwa na maradhi mazito mwilini. Inadai pia kuyarejesha maneno kwa wenyewe. Hapa nyumbani tunao mfano mwema. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipochapisha kwa Kiingereza mwaka 1989 masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, hawakuishia hapo. Mwaka 1991 masimulizi hayohayo yalitoka kwa Kiswahili, lugha yaliyosimuliwa kwayo, ili wajukuu wa Mombasa wayasome bila kuazima ulimi wa mtu. Chuo kinachomtuza mtafiti kwa makala katika majarida ya ng'ambo, na kisimuulize kamwe alichokirudisha kijijini, kinafundisha wizi wa heshima.

Na juu ya yote inadai kujibu tunapoulizwa. Mwenye kuuliza peke yake huyo ni hakimu, au karani wa sensa. Rafiki huuliza na huulizwa.

Nilivuka tena kwenda Wasini na zile sauti. Tuliketi uani, wanawake wanane na watoto wasiohesabika, simu moja ikawekwa juu ya kinu. Bibi alipoanza kusema, wakubwa walinyamaza. Alipofanya mzaha kuhusu mume wa jirani, wakapasuka kwa kicheko na huku wengine wakifuta machozi. Ile kanda ya tano sikuikata. Waliisikia yote, pamoja na jibu langu. Hakuna aliyesema neno. Kisha yule mjukuu akanigeukia akaniuliza, kwa upole, lile swali la bibi yake: mama yangu alinifunda nini? Nikamjibu. Ilinichukua alasiri nzima.

Magharibi ilipokaribia nikaaga ili niwahi mashua ya Shimoni. Mjukuu alinisindikiza hadi ufuoni. Hakuniita daktari, wala hakuniita dada. Kwa kuwa nina jina la bibi yake, aliniita kama ilivyo desturi ya kwao. "Bibi," akasema, "ukija tena, usisahau sukari."

Zamani ningaliandika ukurasa wa nyuma. Safari hii nilicheka, nikamwambia naye aniwekee pweza.